Siku Mashine Ilipokwenda Chuoni

Ndugu msomaji, msafiri atokaye Tanga au Dar es Salaam kwenda Moshi kwa gari, akishapita Mombo na Mkomazi, huiona milima ya Upare imesimama upande wake wa kulia. Huipita Hedaru, kisha Makanya, kisha akaingia mji wa Same. Juu ya milima kuna ukungu, mvua na migomba. Chini kando ya barabara ni mbuga kavu, katani na miiba. Watu wanaokaa mtelemko ulio baina ya juu na chini wameishi tangu zamani kwa hikima moja: kuyakinga maji ya vijito, kuyaleta kwa mfereji, na kuyalaza usiku ndani ya birika kubwa la udongo na mawe, ambalo kwa Kipare huitwa ndiva. Asubuhi ndiva hufunguliwa, maji yakaenda mashambani kwa zamu, na baadaye hufungwa ipate kujaa tena.

Kazi ya kuifungua ndiva yaonekana nyepesi kwa mpita njia. Lakini mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo yabidi ajue mambo mengi kwa pamoja, naye hana chombo cha kupimia. Mwulize afanyavyo, atakujibu kwa maneno mfano wa haya: ikiwa imejaa sana na zamu ni ya shamba la mbali, fungua sana, ikiwa imejaa kiasi na ardhi ingali na unyevu, fungua kidogo, ukiona maji yashuka haraka, rudisha kidogo kabla hayajaisha. Asiyefahamu atasema haya ni maneno ya mzee tu, wala si elimu. Kumbe ndani ya maneno hayo machache mna kimo cha maji, na mwendo wake, na umbali wa shamba, na hali ya udongo, vyote vimepimwa na kutolewa hukumu.

Leo nataka tuzungumze taarikh ya neno hili: namna wataalamu wa mitambo walivyotafuta kuifanya mashine ijiongoze yenyewe, wakahangaika kwa hesabu kubwa kubwa, mwisho baadhi yao wakarudi kukaa mbele ya mfanyakazi na kumsikiliza asemavyo. Na mmoja katika walioufungua mlango huo alizaliwa katika nchi yetu hii.

WALIOTANGULIA

Fikra ya chombo kijiongozacho si ya jana. Katika karne ya tisa, mjini Baghdad, walikuwako ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na al-Hasan, wana wa Musa bin Shakir, ambao taarikh yawajua kwa jina la Banu Musa. Walitunga kitabu cha hila za kuunda vyombo, kiitwacho Kitab al-Hiyal, na ndani yake walieleza vyombo vipatavyo mia. Vipo vyombo ambavyo ndani yake mna boya lieleelo: maji yakipanda boya huziba tundu, yakishuka boya hulizibua, na chombo hubaki katika kiasi chake bila ya mkono wa mtu. Ipo pia taa ijisogezeayo utambi yenyewe.

Karne nyingi zikapita. Mwaka 1788 James Watt wa Uingereza aliifungia injini ya mvuke chombo chenye mipira miwili ya chuma izungukayo. Injini ikienda mbio kupita kiasi, mipira hutanuka na kuubana mlango wa mvuke. Ikipunguza mwendo, mipira huinama na mlango hufunguka. Hila hii ni ndugu wa lile boya la Baghdad: chombo huangalia jambo moja tu, na kulijibu jambo hilo moja.

Ama mwanadamu hafanyi hivyo. Watu wa pwani wanamjua mshika usukani wa jahazi. Chombo kikipinda kutoka njia yake, yeye hatazami tu kimepinda kiasi gani. Hutazama pia kinapinda kwa haraka au polepole, na hukumbuka kwamba tangu alfajiri mkondo umekuwa ukimsukuma upande mmoja, kwa hiyo huuweka usukani akiihesabu hasara hiyo iliyokusanyika. Na kabla chombo hakijanyooka sawasawa, huanza kuurudisha usukani, kwa sababu ajua ya kwamba chombo kizito hakisimami mara moja.

Mhandisi mmoja mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, Nicolas Minorsky, aliitazama kazi hiyo ya washika usukani wa merikebu, na mwaka 1922 akatoa maandiko ya kuigeuza kuwa hesabu. Alisema chombo cha kuongoza merikebu nacho kitazame mambo matatu: kosa lililopo sasa, kosa lililokwisha kusanyika, na kasi ambayo kosa lazidi au lapungua. Mwaka 1923 chombo chake kilijaribiwa katika manowari ya Marekani iitwayo New Mexico, nacho kilifanya kazi vizuri. Hata hivyo jeshi la majini halikukichukua, kwa kuwa wenye kazi hiyo melini hawakukitaka. Lakini fikra haikufa. Mambo yale matatu ndiyo msingi wa vidhibiti vingi vilivyomo viwandani hata leo, katika mabomba, matangi na matanuri. Basi wengi watumiao vyombo hivyo hawajui ya kwamba mwalimu wao wa asili alikuwa baharia mwenye mikono migumu, aliyesimama nyuma ya merikebu akitazama maji.

KILE KILICHOBAKI

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mwingereza Arnold Tustin aliwachunguza watu walioizungusha mizinga kwa mikono ili kuufuata ulengwa uendao. Alitaka kujua: kwa kila kosa alionalo mtu, mkono wake hujibu kwa kiasi gani? Maandiko yake yalitoka mwaka 1947. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mkono yaweza kuandikwa kwa hesabu nyepesi. Lakini baada ya hesabu kumalizika, kulikuwa na kitu kilichobaki, kisichoingia katika hesabu ile.

Msomaji wangu, zingatia sana kile kilichobaki. Katika mtambo mwepesi chaweza kuachwa. Lakini iko mitambo ambayo kile kilichobaki ndicho kazi yenyewe. Tanuri kubwa la kiwandani halifanani leo na lilivyokuwa jana: kuni au makaa si yale yale, udongo umebadilika, unyevu umezidi. Wataalamu wakijaribu kuliandika kwa hesabu, hesabu huwa ndefu na bado haifuati. Papo hapo, ndani ya kiwanda hicho hicho, mtu mmoja aliyekaa miaka ishirini mbele ya moto huliongoza tanuri lile kila siku, tena vizuri. Ukimwuliza, hakutajii namba. Hukwambia, moto ukiwa mweupe mno, punguza kidogo.

Shida ilikuwa hapo. Mashine haijui "kidogo". Haijui "mno". Mashine ya hesabu yataka ndiyo au hapana.

KULLA MBILI

Sisi tuliosoma mantiki chuoni tulifundishwa ya kwamba kila kauli ama ni kweli ama si kweli, hapana la tatu. Na katika fikihi ya madhehebu yetu ya Shafi, kila mtoto wa chuo ajua kwamba maji yakifika kulla mbili ni mengi, na yakipungua hapo ni machache. Mpaka huo umewekwa ili watu wapate wepesi katika tohara zao, na mahali pake ni sawa kabisa. Lakini yule mzee wa ndiva hawezi kufanya kazi kwa mpaka wa namna hiyo. Kwake maji hayaruki kutoka machache kuwa mengi kwa tone moja. Huwa mengi kwa daraja: asubuhi ni mengi hasa, saa nne ni mengi kiasi na yameanza kuwa ya wastani, adhuhuri ni ya wastani na yanaelekea kuwa machache.

Aliyeleta hesabu ya madaraja hayo ni Lotfi Zadeh. Alizaliwa Baku, nchi ya Azerbaijan, mwaka 1921, akakulia Iran, akasoma Tehran, kisha akaenda Marekani na kusomesha katika chuo kikuu cha Berkeley. Mwaka 1965 alitoa maandiko yaliyosema kwamba kitu chaweza kuwamo katika kundi kwa sehemu. Maji haya haya yaweza kuitwa "mengi" kwa sehemu saba katika kumi, na wakati ule ule kuitwa "ya wastani" kwa sehemu tatu. Elimu hiyo imekuja kuitwa mantiki ya fazi. Wako wataalamu waliompinga Zadeh waziwazi, wakaona kwamba elimu haiwezi kusimama juu ya maneno yasiyo na mpaka mkali. Yeye hakuacha. Mwaka 1973 alitoa maandiko mengine kueleza namna maneno ya watu, kama "kidogo", "kiasi" na "sana", yanavyoweza kushika nafasi ya namba katika mambo magumu. Alifariki mwaka 2017.

MWANA WA TANGANYIKA

Sasa tumefika kwa mtu wetu. Ebrahim Mamdani alizaliwa Tanganyika mwaka 1942. Alisoma India, na mwaka 1966 akaenda Uingereza, akapata udaktari wa elimu katika chuo cha Queen Mary, London, na hapo hapo akawa mwalimu wa uhandisi wa umeme. Pamoja na mwanafunzi wake Sedrak Assilian alikuwa na injini ndogo ya mvuke ya majaribio, yenye boila lake. Kazi ilikuwa mbili kwa pamoja: kuongeza au kupunguza moto ili nguvu ya mvuke ibaki katika kiasi, na kufungua au kufunga mlango wa mvuke ili mwendo wa injini usizidi wala usipungue. Mambo haya mawili huingiliana, ukigusa hili unaligusa na lile.

Nia yao mwanzoni ilikuwa kutafuta mashine itakayojifunza, na mwanadamu aweze kuifundisha. Kwa ajili hiyo waliandika sheria kwa maneno, kama azitajavyo mtu mwenye kuiendesha injini: nguvu ya mvuke ikiwa imepungua kidogo, nayo yazidi kupungua polepole, ongeza moto kiasi. Ikiwa imepungua sana na haibadiliki, ongeza moto sana. Ikiwa iko mahali pake na imetulia, usiguse. Sheria hizo zilikuwa chache tu. Wakazitia katika kompyuta kwa hesabu ya Zadeh, na kuiachia injini iende.

Nieleze kidogo inavyokwenda, kwani si uchawi. Kompyuta hupokea namba kutoka kwenye kipimo. Hujiuliza: kwa namba hii, neno "imepungua kidogo" ni kweli kwa sehemu ngapi? Na "imepungua sana" ni kweli kwa sehemu ngapi? Kila sheria hupewa nguvu kwa kadiri masharti yake yalivyotimia. Na sheria yenye masharti mawili haipewi nguvu zaidi ya lile sharti lililo dhaifu. Kisha sheria zote zilizoguswa hukusanywa, kila moja na sauti yake, nyingine kubwa nyingine ndogo, na kutoka kwao hupatikana amri moja ya kuupeleka mkono wa chuma. Ni kama baraza la wazee: hapana anayenyamazishwa, na hapana asemaye peke yake.

Natija iliwashangaza wenyewe. Maneno yale, hata kabla mashine haijajifunza neno lolote, yaliiongoza injini vizuri kuliko walivyotazamia. Mamdani alitoa maandiko mwaka 1974, na mwaka 1975 yeye na Assilian wakatoa maelezo ya majaribio hayo. Baadaye alihamia Imperial College hapo hapo London, na alifariki Januari 2010. Njia yake ya kuzipatanisha sheria za maneno husomeshwa katika vyuo vikuu vya dunia, nayo huitwa kwa jina lake, Mamdani.

MOTO WA SARUJI

Mtu ataweza kusema: injini ndogo ya chuoni si kitu. Haya, tutazame saruji. Msomaji wa Same atakumbuka ya kwamba Makanya huchimbwa jasi, na jasi hiyo hupelekwa viwanda vya saruji, ambako husagwa pamoja na mawe yaliyochomwa ili saruji isigande upesi mno mkononi mwa mwashi. Lakini kabla ya jasi kuingia, mawe ya chokaa na udongo yabidi yachomwe katika tanuri lililo mfano wa bomba kubwa la chuma, limelazwa kwa mwinamo kidogo na huzunguka polepole. Mchanganyiko huingia upande wa juu, moto uko upande wa chini, na joto la mawe hufika kama daraja 1450 za sentigredi. Likipungua, saruji huwa dhaifu. Likizidi, matofali yaliyo ndani ya tanuri huungua, na mafuta hupotea bure.

Mwongoza tanuri wa zamani alichungulia kwa kioo cheusi. Alitazama rangi ya moto, na namna mawe yaliyoiva yanavyoparamia ukuta wa tanuri na kuanguka. Kampuni ya Denmark iitwayo F.L. Smidth, iundayo mitambo ya saruji, ilikuwa nao wahandisi wawili, Holmblad na Østergaard. Walizipata habari za Mamdani, tena walikuwa na kitabu cha kuwafundishia waongoza tanuri, kilichotoka mwaka 1972, ambamo sheria za kazi zilikuwa zimekwisha andikwa kwa maneno: tanuri likiwa hivi na hivi, fanya hivi. Mwaka 1978 walianza kuzijaribu sheria hizo katika tanuri la kweli, na baada ya hapo chombo chao kikauzwa kwa wenye viwanda. Hayo yalikuwa katika matumizi ya kwanza ya elimu hii katika kiwanda kikubwa.

Na huko Japani, mwaka 1987, reli ya chini ya ardhi ya mji wa Sendai ilifunguliwa ikiwa na treni ziendeshwazo kwa namna hiyo. Kampuni ya Hitachi ilizichukua desturi za madereva hodari, vipi huanza mwendo bila ya kuwasukuma abiria, vipi hufunga breki wakasimama mahali palepale, ikazigeuza kuwa sheria za kompyuta.

YATUPASAYO

Katika habari hii mna mafunzo, na mimi nitataja mawili.

La kwanza ni adabu ya kuuliza. Mamdani alikuwa daktari wa elimu, na hakuona haya kuyafanya maneno ya mwendesha mtambo kuwa msingi wa kazi yake. Sisi huku tunao wengi wanaodhani ya kwamba elimu ni ile iliyoandikwa tu, na mwenye kusema "kidogo" na "kiasi" si mwenye elimu. Mtaalamu kijana hufika kijijini na karatasi zake, hupima mfereji siku tatu, kisha huchora lango jipya la chuma, na yule aliyeyagawa maji kwa miaka thelathini hakuulizwa hata neno moja. Lango likija kukwama wakati wa ukame, hutafutwa huyo huyo mzee aliyesahauliwa. Hii ni dhulma, na tena ni hasara. Sheria chache za maneno zilitosha kuiongoza injini iliyowasumbua watu wa hesabu. Basi ni ngapi zimezikwa pamoja na wenyewe katika makaburi ya Vudee, Suji, Pangani na Lamu?

La pili ni amana kwa yule anayeachwa alinde mashine. Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Uingereza, aliandika juu ya kinyume kimoja kikubwa. Mwunda mtambo humwona mwanadamu ni mwenye kukosea, kwa hiyo humwondoa katika kazi. Lakini yale magumu yaliyomshinda yeye kuyatia katika mashine, humwachia mwanadamu huyo huyo. Mtu hukaa miezi akitazama tu, mkono wake husahau, jicho lake hulala. Siku mtambo unapoharibika, huambiwa: chukua sasa uendeshe. Aendeshe kwa nini, na ustadi wake umekwisha kuliwa na kutu? Kisha mambo yakiharibika hulaumiwa yeye.

Kwa hiyo mwenye kiwanda na apange siku ambazo mfanyakazi ataongoza kwa mkono wake, ili ustadi usife. Na sheria zilizomo ndani ya mashine zisitiwe kufuli, zibaki kwa lugha anayoifahamu mfanyakazi, apate kusema: hii hapa si sawa, ibadilisheni. Uzuri wa njia ya Mamdani ni huo: sheria zake zasomeka. Siku hizi zimekuja mashine nyingine zijifunzazo zenyewe kwa kutazama mifano mingi mno, na mara nyingi hata aliyeziunda hawezi kukueleza kwa nini zimetoa hukumu hii na si ile. Mashine isiyoweza kuulizwa sababu yataka mlinzi mwenye ilimu zaidi, wala si mlinzi asiyejua kitu.

Mwisho, ndugu zangu, kazi hii haitaki kungoja wataalamu. Nyumbani kwako yuko mtu ajuaye jambo lisiloandikwa. Yuko mpika halua ajuaye kwa uzito wa mwiko kwamba moto sasa upunguzwe. Yuko fundi wa jahazi, yuko mshona mashua, yuko mama ajuaye unga wa mofa umekwisha kuumuka. Mpelekee mtoto wako akae naye, na kalamu mkononi, amwulize: ukiona hivi, wafanya nini? Na ikiwa kidogo kuliko hivi? Na ikiwa haraka kuliko hivi? Aandike kama asikiavyo, kwa maneno yale yale ya mwenyewe, wala asiyasahihishe. Kisha aandike na jina la mwalimu wake juu ya karatasi, kwani elimu ina mwenyewe, na haki ya mwalimu haiondoki kwa kuwa mwanafunzi wake ni mashine.